Vazi la Metali na Yaliyo Chini Yake

Zimetufikia barua mbili kutoka Same, na ingawa waliozileta hawajuani, tumeona kuwa swali lao ni moja. Ya kwanza ni ya mama wa nyumba. Asema alinunua sufuria mpya ya alumini, nyeupe ya kung'aa kama kioo, akapikia makande na kutia magadi kidogo ili maharage yaive upesi, kama ilivyo dasturi ya wengi. Alipoiosha akaiona ndani imegeuka nyeusi. Akaisugua kwa waya na majivu mpaka weupe ukarudi. Na aliposhika tena kupika, weusi ukarudi vilevile. Auliza kama hiyo ni sumu. Barua ya pili ni ya kijana atengenezaye pikipiki kando ya barabara kuu. Yeye alinunua mikono ya breki ya alumini iliyovishwa kromi, na haikutimia miezi mitatu vazi lile likaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Ilhali bomba la chuma la pikipiki kuukuu, lililovishwa kromi ileile, lingali zima. Auliza kwa nini kromi yashika chuma na yakataa alumini, na kama kazi hii ya kuvisha metali yaweza kumpatia riziki.

Twawajibu wote wawili kwa pamoja, kwani jibu la mama ndilo mlango wa jibu la kijana.

Kwanza twapenda kuwakumbusha vijana wa Upare kwamba elimu ya metali si ngeni katika milima yao. Huko Ugweno, ambako leo ni wilaya ya Mwanga, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi kabla Mjerumani hajafika. Walikusanya mchanga mweusi wenye chuma katika vijito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe, mikuki na visu, na Wachaga wa Kilimanjaro walikuja kununua kwao. Jadi zasimulia kwamba Washana walikuwa ndio watawala wa Ugweno, mpaka ukoo wa Wasuya ulipowanyang'anya utawala. Lakini Wasuya hao hawakuwanyang'anya nyundo! Kwa hiyo kijana wa Same aulizaye khabari za metali hajaacha njia ya wazee wa milima ile; ameikuta mbele kidogo tu.

Walakini metali waliyoijua Washana ni chuma, na alumini ina tabia nyingine kabisa. Chuma kikipata maji na hewa huota kutu, na kutu ya chuma ni adui: huvimba, hupasuka, hudondoka, ikaacha chuma kipya wazi kiliwe nacho, hata jembe likaisha. Ama alumini nayo huota kutu, tena upesi kuliko chuma. Ukiikwangua kwa kisu, mahali palipokwanguliwa hushikana na hewa papo hapo. Tofauti ni kwamba kutu yake haivimbi wala haidondoki. Hufanya utandu mwembamba mno, usioonekana kwa jicho, wenye unene wa sehemu chache tu za milioni za milimita, ulioshikamana barabara na metali yenyewe. Utandu huo ukishafunga, hewa haipiti wala maji hayapiti, na kuoza kwakoma. Ndiyo maana watu husema alumini haipati kutu. Kweli ni kwamba imekwisha kupata, na kutu hiyo ndiyo ngao yake.

Utandu huu wastahimili maji ya kawaida, lakini wayeyuka palipo na ukali, ama wa tindikali ama wa magadi. Katika kipimo kiitwacho pH, ambacho 7 ndiyo maji yasiyoelemea upande wowote, utandu wa alumini huishi salama baina ya 4 na 9 takriban. Magadi yakitiwa maji yaweza kufika 10 na zaidi. Hapo ngao huyeyuka, alumini hubaki uchi, ikaliwa, na vile vipovu vidogo vitokeavyo ni hewa ya haidrojeni. Upande wa pili uko ukali wa ukwaju, ndimu na nyanya, ambao huitafuna taratibu zaidi. Na chumvi hutoboa vishimo kama vya sindano, hasa chakula kikilazwa ndani ya sufuria usiku kucha.

Basi ule weusi ni nini? Ni utandu uleule wa alumini, ulioumuka na kuwa mnene kwa maji ya magadi na kushika madini yaliyomo majini, hata jicho likauona. Wenyewe si sumu. Tena, mama yetu, yafaa ujue kwamba sufuria iliyotulia rangi yake ya kijivu imejilinda kuliko ile iliyosuguliwa kwa waya na majivu ikawa kioo. Kila usuguapo hivyo waondoa ngao, na chakula kitakachofuata ndicho kitakachoilisha sufuria ngao mpya, nayo sufuria itakilipa chakula kwa alumini. Majivu nayo ni ndugu ya magadi. Ukali wao ni mmoja. Twajua kwamba katika vijiji vyetu ukoo mzima humsifu mke kwa masufuria yang'aayo kibarazani, na twajua ushauri huu utawaudhi mawifi. Lakini osha kwa sabuni na kitambaa, na makande ya magadi yapikie katika chungu cha udongo, ambacho wazee walikuwa nacho muda mrefu kabla ya alumini kujulikana. Metali yenyewe ni changa: Oersted wa Denmark aliitoa mara ya kwanza mwaka 1825, na njia ya kuipata kwa wingi na kwa bei nafuu haikujulikana ila mwaka 1886, ilipovumbuliwa na Hall huko Marekani na Héroult huko Ufaransa, kila mmoja peke yake.

Yapo makubwa kuliko weusi. Sufuria nyingi za masokoni zimeyeyushwa kutokana na vyuma chakavu: vipande vya injini, makopo, rejeta za magari na kila kitu ambacho fundi amekiona cheupe na chepesi. Humo huingia risasi, ile metali nzito idhuruyo ubongo wa mtoto, nayo haina rangi wala harufu ya kukuonya. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani na wenzao walitangaza matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini vilivyotoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwamo. Walichemsha ndani yake siki hafifu kwa muda wa saa mbili. Vyombo 15 vilitoa risasi ya mikrogramu moja au zaidi kwa kila kipimo cha mililita 250, na vingine vilitoa kadimi na aseniki. Ama alumini yenyewe, wastani ulikuwa miligramu 125 kwa kila kipimo, nacho ni zaidi ya mara sita ya miligramu 20 kwa siku ambazo ndizo ukomo wa mtu mzima wa kilo 70 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Kisha wakajaribu kuvivika vyombo hivyo utando wa kinga, na alumini iliyotoka ikapungua kwa zaidi ya asilimia 98, na metali nyingine zikapungua kwa mfano huo.

Hapa ndipo barua ya mama inapokutana na barua ya kijana. Ikiwa vazi moja jembamba laweza kupunguza madhara kiasi hicho, kwa nini basi mafundi hawayavishi masufuria yote? Na kwa nini mikono ya breki ya kijana wetu imevuliwa vazi na jua la Same?

Jibu ni ule utandu. Ngao iizuiayo hewa yazuia na nikeli. Fundi akiichukua alumini, akaiosha vizuri, akaitumbukiza katika maji ya nikeli kama afanyavyo chuma, nikeli haitakamata alumini; itakamata utandu ulio juu yake, ni kama mtu apakaye rangi juu ya vumbi. Siku ya kwanza itang'aa kuliko fedha. Kisha jua litakapopanda, alumini itatanuka; nayo kwa joto lilelile hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na kuizidi nikeli sana. Usiku itajikunja. Kila siku vazi na mwili vyavutana, na palipo na vumbi tu baina yao, vitaachana.

Njia ya haki yajulikana zaidi ya miaka tisini sasa, nayo yataka subira. Fundi huondoa mafuta yote kwa sabuni laini ya kazi hiyo, kisha hutia chombo katika tindikali iondoe utandu na masizi ya metali nyingine zilizochanganywa humo. Halafu hukitumbukiza katika maji ya kostiki soda yaliyoyeyushwa zinki ndani yake. Maji hayo hula mabaki ya utandu, na papo hapo, kabla hewa haijapata nafasi, zinki hukaa pale utandu ulipotoka. Ni muda usiofika dakika moja. Wasiopenda kazi mbovu huiondoa zinki hiyo ya kwanza kwa tindikali ya naitriki, wakaitia mara ya pili kwa muda mfupi zaidi, kwani ile ya pili huwa laini na hushika vema. Baina ya hatua na hatua ni kusuuza, na kusuuza, na kusuuza tena. Hapo ndipo nikeli huwekwa juu ya zinki, na kromi ikitakiwa huwekwa juu ya nikeli. Asiyepitia hatua hizi anauza rangi, hauzi kinga.

Nikeli yenyewe yaweza kuwekwa kwa umeme au bila umeme. Ile ya bila umeme iligunduliwa na Brenner na Riddell huko Marekani mwaka 1946: chombo huzamishwa katika maji ya moto wa digrii 85 hadi 90, na nikeli hujijenga pote sawasawa, hata ndani ya tundu na pembeni ambako umeme haufiki vizuri. Unene wa mikroni 25, ambao ni kama thuluthi ya unywele, watosha sehemu nyingi za mashine, na ugumu wake ni kama mara nne au tano ya alumini ya kawaida. Kwa kuchakaa, hakuna shaka kuwa ni kinga njema. Vumbi la barabara ya kwenda Makanya, kwenye machimbo ya jasi, kila dereva alijua lifanyavyo katika mashine.

Lakini kijana wetu ashike jambo moja ambalo hata mafundi wakubwa hulisahau. Tazama bati la nyumba yako. Ni chuma kilichovishwa zinki. Likikwaruzwa na msumari hata chuma kikaonekana, halioti kutu upesi, kwa sababu zinki iliyo pembeni hujitoa kuliwa kwanza ili chuma kisalimike. Mavazi ya namna hii humfia mwenye mwili. Ama nikeli juu ya alumini ni kinyume chake. Baina ya hizo mbili alumini ndiyo iliwayo. Maadam vazi ni zima, pote pamefunikwa, hapana neno. Pakitokea tundu moja dogo kama ncha ya sindano na unyevu ukaingia, ukali wote wa maji hukusanyika kwenye tundu lile. Alumini huchimbwa chini kwa chini, nikeli ikabaki juu yaning'inia kama dari la mchwa, na mtu asijue mpaka siku ivunjikapo. Kwa hiyo alumini iliyovishwa vibaya ni dhaifu kuliko alumini iliyoachwa na utandu wake wa asili. Mkono wa breki uvunjikao mteremkoni Gonja si jambo la urembo.

Na hapa suala linatoka karakana likaingia katika sheria yetu. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kutoka kwa Abu Huraira, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu la nafaka, akaingiza mkono wake ndani na vidole vyake vikakuta majimaji. Akamuuliza mwenye mali, naye akajibu kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akabainisha kwamba afanyaye ghushi si katika watu wake. Mtu yule hakusema uongo hata kidogo. Alichofanya ni kuweka kavu juu na bichi chini. Sasa tumtazame aivishaye alumini ya vyuma chakavu, yenye mapovu na risasi ndani, nikeli ya siku tatu ili ipate bei ya chombo kizima. Twaona hakimu hahitaji kufikiri sana.

Wala tusiseme kwamba kuvisha metali kwenyewe ni lawama. Katika Sura ya Al-Kahf tunasimuliwa jinsi Dhulqarnayn alivyojenga ukuta wa kuwazuia Yaajuj na Maajuj: alitaka vipande vya chuma, akaamuru vivuviwe moto mpaka vikawa vyekundu, kisha akavimiminia metali iliyoyeyuka, ambayo wafasiri wengi wameieleza kuwa ni shaba. Metali juu ya metali, nayo ni kazi iliyotajwa kwa sifa. Nao wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamezungumza juu ya vyombo vilivyopakwa dhahabu au fedha: chombo cha dhahabu au fedha ni haramu kukitumia, ama kilichopakwa tu, ikiwa kikiwekwa motoni hakitoki kitu cha kukusanyika, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa ni halali. Nikeli, zinki na kromi hazimo kabisa katika katazo hilo. Mwenye wasiwasi kuhusu kijiko chake kinachong'aa na ale kwa raha.

Twarudi jikoni. Je, mama atafute sufuria iliyovishwa nikeli? La. Vazi hilo ni la sehemu za mashine. Vyakula vikali huitoa nikeli nayo, na wako watu ambao ngozi zao huwasha kwa nikeli kidogo tu. Kwa alumini ya jikoni iko njia bora, nayo ni kuuzidisha utandu wake wenyewe badala ya kuleta metali ya kigeni. Alumini hutiwa katika tindikali na kupitishiwa umeme, na utandu hukua mara elfu na zaidi, ukawa mgumu kama jiwe. Njia hii ilianzishwa Uingereza mwaka 1923 na Bengough na Stuart, waliotaka kuzilinda sehemu za ndege za baharini zisiliwe na maji ya chumvi. Sufuria za namna hii zauzwa madukani; huwa za kijivu kilichokoza au karibu nyeusi, hazing'ai, na bei yake ni kubwa. Zisisuguliwe kwa waya, na makande ya magadi hata humo yasipikwe, kwani magadi hula utandu mnene kama alavyo mwembamba, ila hukawia. Asiye na uwezo wa kununua hizo, na asinunue sufuria ya kuyeyushwa vichochoroni ikiwa aweza kupata ile iliyopondwa kiwandani kutoka bamba safi. Ya kichochoroni huwa nzito, nene, yenye vishimo na alama za mchanga wa kufinyangia. Na chakula cha nyanya au ukwaju kihamishiwe bakulini mara kiivapo.

Ama kijana, kabla ya kufungua karakana ya kuvisha metali tungempa kazi ya kuanzia iliyo karibu naye. Silinda za pikipiki nyingi za barabarani ni alumini iliyotiwa bomba la chuma ndani. Hizo zikichakaa huchongwa zikatiwa pistoni iliyozidi milimita 0.25 au 0.50, na fundi hulijua hilo. Lakini ziko silinda zisizo na bomba: ukuta wake ni alumini tupu iliyovishwa nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi, kwa mfano wa ile iliyotolewa na Mahle wa Ujerumani mwaka 1967 kwa jina la Nikasil. Hizo zisichongwe kamwe. Achongaye ameondoa vazi lote, na pistoni mpya itakwaruza alumini laini hata injini ikafa kabla mwenyewe hajafika Mwanga. Kuzipambanua ni rahisi: sumaku hushika ukuta wa bomba la chuma kwa nguvu, na kwenye ukuta wa nikeli haishiki au hushika kidogo mno. Kijana mwenye sumaku ya shilingi chache atawaokolea wateja wake fedha nyingi, na watu watamjua kwa hilo.

Akitaka bado kuendelea mpaka kuvisha kwenyewe, twamshauri asome kemia kwanza na akafanye kazi chini ya mjuzi. Kostiki soda hupofusha jicho kwa tone moja. Moshi wa tindikali ya naitriki waweza kumwacha mtu akicheka mchana na kufa usiku kwa maji kujaa mapafuni. Maji ya kromi ya namna ya zamani huleta saratani. Na yale maji ya kusuuza, ambayo tumesema ni mengi, yatakwenda wapi? Wapare wana ndiva zao, mabwawa waliyoyajenga wazee kukusanya maji ya mlimani usiku ili yamwagilie mashamba mchana kwa zamu, na kila tone lina mwenyewe. Nikeli iliyomwagwa mferejini haipotei. Hukaa katika tope la ndiva na kupanda katika mahindi. Kwa hiyo hesabu ya karakana ianze kwa pipa la kutulizia maji hayo kwa chokaa, metali izame chini ikusanywe, na ruhusa ipatikane kwa wenye mamlaka ya maji na mazingira. Gharama ya pipa hilo na ya kulizoa tope lake ihesabiwe katika bei ya kila kipande kabla mteja hajaambiwa kitu.